Barua kwa Mwanangu: Miti ya Iten

Umoja, Nairobi

Mwanangu Neema,

Hujambo mama? Sisi tu wazima, ila stima inapotea kila jioni na barua hii naiandika kwa tochi ya simu. Mamako anakusalimu.

Najua nilikununia ulipochagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ulidhani nadharau mbio zako. Sikukwambia kisa ambacho hata mamako hakijui chote. Mimi nilichukuliwa na shule moja hapa jijini kwa sababu ya mpira. Karo nikasamehewa, sare nikapewa, na siku za mazoezi hakuna aliyeuliza kama nimeingia darasani. Kidato cha tatu goti likateguka. Wiki mbili baadaye nikaitwa ofisini kusomewa deni la karo. Kumbe walichotaka ni miguu tu. Jina la shule hiyo nalimeza. Tangu siku hiyo, mtu akinitajia shule ya michezo, goti hili huniuma.

Mwezi uliopita nilipeleka abiria Iten, nikawa na saa mbili za kumngoja. Nikajikokota hadi shule ya St. Patrick's, ile inayosifika kwa wanariadha. Kule ni mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Nilipanda kijilima kidogo tu nikahema kama mzee wa miaka tisini, huku watoto wa shule wakinipita mbio na mabegi mgongoni! Uani mwa shule kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya wanafunzi waliotwaa ubingwa.

Ni shule ya umma ya wavulana, iliyoanzishwa na mabruda Wakatoliki wa shirika la Patrician kutoka Ireland mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1976 akaja bruda mmoja kijana, Colm O'Connell, kufundisha Jiografia. Ukocha hakuusomea popote. Riadha ilikuwa mikononi mwa mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster yule mwanariadha. Foster alipoondoka, mwalimu wa Jiografia akabaki na saa ya kupimia mbio. Na huo mwaka wa 1976 ulikuwa mbaya: Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal, na 1980 ikasusia tena ya Moscow. Vijana wa wakati huo walikimbia bila kujua kama kuna mahali pa kwenda.

Halafu 1988, Olimpiki ya Seoul. Peter Rono, aliyepitia shule hiyo, akashinda mita 1,500 akiwa na miaka 21. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, na hapo ndipo nilipotulia kidogo: kumbe mbio na masomo vinaweza kwenda pamoja. Wilson Kipketer naye alitoka hapo akaenda kusoma Denmark, akaiwakilisha nchi hiyo mbioni na kuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu. Rekodi yake ya 1997, dakika 1:41.11, ilikaa hadi 2010, ilipovunjwa na David Rudisha. Rudisha hakusoma St. Patrick's, lakini ni kijana wa O'Connell pia. London 2012 akaishusha hadi 1:40.91. Hizi ni mbio zako wewe, kwa hiyo huenda unanicheka kwamba nakufundisha unachokijua tayari.

Usije ukasema hayo ni ya wavulana. Kuanzia 1989 bruda alifungua kambi ya vijana wakati wa likizo, na wasichana wakaingia. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 kule Osaka 2007, alipita mikononi mwake.

Basi sikununii tena. Ila nataka kujua mambo mawili kuhusu shule yenu. Mkitoka mazoezini asubuhi, kuna mwalimu anayewahesabu darasani? Na yule msichana uliyeniambia ameumia kifundo cha mguu muhula uliopita, bado yupo? Analipa karo ile ile? Muulize vizuri, usimwaibishe.

Viatu vya misumari nimepata Gikomba, vya mtumba lakini vizima, nambari 39. Nimempa dereva wa basi la Jumamosi. Vikikubana niambie mapema, yule muuzaji amekubali nivirudishe kabla ya mwisho wa mwezi.

Na Jiografia ulipata ngapi?

Babako