Simu ndo kazi yenyewe, sasa nitatulia saa ngapi?

Habari za majukumu wadau, na wewe mshauri wetu shikamoo kama umenizidi umri. Mimi ni karani, nashika hesabu kwenye stoo moja ya dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana hii ishu kila nikimwelezea mtu anaefanya kazi ofisi za mjini ananijibu "zima simu utulie", basi, kashamaliza.

Sasa mimi nikizima simu nimefunga duka. Mteja wa Tunduma anapiga kuulizia bei ya gunia leo, wa Kigoma anataka picha ya mzigo WhatsApp sasa hivi, dereva wa fuso kashikwa njiani anataka nimtumie picha ya risiti, alafu makuli wapo mlangoni wanasema hesabu ya walichopakia haijakaa sawa. Na hapo niko kwenye Excel najumlisha mauzo ya wiki, nikirudi sikumbuki nilikua mstari gani naanza tena juu. Ikifika jioni nimechoka hoi na ukiniuliza nimemaliza nini sina cha kukuonyesha.

Kwa msiokaa huku ziwani niwaeleze kidogo. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa inakua haina maana kwahiyo mitumbwi mingi inalala, ikirudi giza ndo mzigo unashuka kwa fujo kutoka Ukerewe na visiwa vingine. Kwahiyo mwezi wangu una siku za kukimbizana na siku za kupiga miayo, na wakati wa mbalamwezi nakua mhasibu mzuri tu, leja zangu zinanyooka. Tatizo TRA hawaangalii angani! Kodi ya mishahara ni ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, giza liwepo lisiwepo, na mwezi wa angani una siku 29 na nusu hivi wakati kalenda ina 30 au 31, kwahiyo haviendi pamoja, kuna miezi hiyo tarehe 7 inaangukia katikati ya kushusha mzigo ambapo hata chai nainywa nimesimama.

Nimejaribu ile njia ya dakika 25 kazi dakika 5 mapumziko, wanaiita Pomodoro, aliibuni Mtaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 80 akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Sio mbaya jamani, sisemi mbaya. Ila huyo Mtaliano alikua mwanafunzi anasoma, hakua na mtu dirishani anamuuliza "bosi, mzani mmoja huu vipi?" Dakika 25 bila kupokea simu kipindi cha giza ni mteja kashahamia stoo ya jirani, maana bei ya dagaa asubuhi na ya mchana zinaweza zisifanane kabisa.

Bosi wangu ni mama mtu mzima, namheshimu sana, biashara hii kaianza na beseni. Nikimwambia "mama, naomba tupate mtu wa kupokea simu tu" ananiambia enzi zake alikua anapokea simu, anapima, anaandika na mtoto yuko mgongoni. Utamjibu nini hapo? Nanyamaza. Matokeo yake leja nazibeba nyumbani Buswelu, na mwenzangu ameanza kununa, ananiambia kama ni karani wa usiku nimwambie ajue. Ana haki yake kwakweli.

Ninachoomba ni hivi. Kwanza, nimwingieje huyu mama ili aone kwamba simtegei kazi? Nimewaza nimuonyeshe simu zinazoingia kwa siku moja ya giza, niandike kila simu na ilikua ya nini, maana nahisi nyingi ni bei tu na bei ingeweza kuwekwa status ya WhatsApp asubuhi, ila naogopa ataona namfanyia hesabu yeye badala ya dagaa. Pili, mwenye kazi ya sokoni kama yangu, mnachonga wapi hata saa moja ya kukaa kimya? Alfajiri msiniambie, alfajiri ndo boti zinashusha.

Na tatu, hii ya mishahara, kuna anaeitayarisha mapema kabla mwezi haujaisha, alafu anarekebisha tu mwishoni? Vibarua wetu wanabadilika badilika ndo maana nasita, lakini wa kudumu hawazidi kumi, nao mishahara yao haichezi. Mwenye uzoefu anielekeze anavyofanya.

Wabeja sana.

Karani wa Mwaloni, Mwanza