Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni: tunaomba ukumbi wenye giza

Mheshimiwa Afisa Utamaduni, salaam kutoka Pasua, Moshi.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, na jumamosi nafundisha vijana tarumbeta. Nimeona nikuandikie hapa mbele ya watu maana hili jambo la ukumbi sio langu peke yangu, na wengi linalowahusu wataisoma hii barua kwenye daladala wakirudi nyumbani.

Kuna kazi tunaifanya huu mwaka wa pili sasa. Tuko watu wa aina tatu. Kuna wanakwaya na wapiga tarumbeta, kuna mchoraji ambaye mkate wake ni kuandika mabango ya maduka, halafu kuna binti mmoja wa Majengo anatengeneza animesheni, yaani michoro inayotembea, kwa simu yake na laptopu ya kuazima. Kazi yenyewe inahusu mfereji. Mifereji ya Wachagga unaijua, maji yanachukuliwa juu huko karibu na msitu yanateremshwa kihamba kwa kihamba, yaani shamba la migomba la kila nyumba, kwa zamu, na ole wake aliyefungulia maji siku isiyo yake. Tukasema hiyo habari tuiimbe na tuionyeshe kwa pamoja. Besi, wale wa sauti nzito, wanaanza peke yao, maji bado yako juu, sauti ya tatu ikiingia mfereji umegawanyika, sauti ya pili umegawanyika tena, na soprano, wale wa sauti ya juu, wakishika ujue maji yamefika kwa mtu wa mwisho kule chini. Mchoraji kachora migomba na mlima kwenye vitambaa vikubwa vya kuning'iniza, na katikati yake ndo maji ya yule binti yanapita kwa projekta.

Nikwambie anavyofanya, maana nilikaa kwake mchana mzima kumuangalia. Karatasi ni moja tu kaibandika mezani kwa selotepu, simu kaifunga juu yake kwa kipande cha bomba la maji iangalie chini. Anachora kwa mkaa. Anachora maji, anapiga picha, anafuta kidogo kwa kitambaa, anachora tena maji yamesogea labda upana wa njiti ya kiberiti, anapiga picha. Sasa pale alipofuta hapafutiki vizuri, panabaki ukungu wa kijivu, kwa hiyo ukiangalia picha ikitembea unaona maji yanakokwenda na unaona yalikopita. Kiukweli mimi sijaona kitu kizuri kama kile.

Na ni kazi ya hesabu pia, watu hawajui. Sekunde moja inataka picha 12. Wimbo wetu ni wa dakika 3, kwa hiyo ni picha 2,160, zote kwa mkono. Tukiimba kwa mapigo 60 kwa dakika kila pigo linapata picha 12 kamili. Kwaya ikichangamka ikakimbia mpaka mapigo 72, kila pigo linabakiwa na picha 10, maana yake maji ya yule binti yanachelewa kufika wakati soprano wameshaingia, na ile kazi yote inaonekana kama makosa yake yeye wakati wenye makosa ni sisi. Sisi wa kanisani tumezoea kuvuta tunapopenda na kukimbia watu wakishapiga vigelegele! Ilibidi nianze kuvaa spika ya sikioni inayonipigia mapigo, nami nawaongoza waimbaji kwa mkono, na imetuchukua miezi kuzoea. Ndo maana mazoezi yetu hayawezi kufanyika kwaya kivyake na picha kivyake, lazima tuwe chumba kimoja na projekta inawaka.

Hii njia ya mkaa ina mtu wake mkubwa hapa hapa Afrika, William Kentridge wa Johannesburg. Huyu mzee michoro yake ya mkaa ya kuchora na kufuta imefika mpaka Metropolitan Opera, jumba la opera la New York, mwaka 2010 aliongoza pale opera, yaani mchezo wa kuigiza kwa kuimba, ya Mrusi Shostakovich, waimbaji wako jukwaani na orkesta inapiga na michoro inatembea nyuma yao. Na hata kabla ya sinema kuwepo watu wa picha na watu wa muziki walikuwa wanapeana kazi, mtunzi Mussorgsky wa Urusi alifiwa na rafiki yake mchoraji Hartmann mwaka 1873, kazi za marehemu zikawekwa kwenye maonyesho, na mwaka 1874 Mussorgsky akazitungia muziki wa piano ambao mpaka leo unapigwa duniani kote.

Najua kuna watakaosema muziki wa nota sio wa kwetu. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Tangu hapo mpaka leo ni zaidi ya miaka 130, na nyimbo za sauti nne zimeimbwa kwenye misiba na harusi za huu mlima vizazi na vizazi, sijui kitu kikae miaka mingapi ndo kiitwe chetu.

Halafu kuna hili la michoro ya Tingatinga linaniuma. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora pale Dar mwaka 1968 na rangi za kung'arisha baiskeli juu ya hadibodi, akafariki 1972, na mtindo wake ukaenea kila duka la watalii kuanzia hapa mpaka Zanzibar. Miaka ile ya 2010 ikatoka katuni ya watoto ya mtindo huo huo, ikaonyeshwa mpaka BBC, na studio iliyoitengeneza ilikuwa Nairobi. Hongera zao kabisa, walikuwa na watu wao wa kuchora na wa kompyuta na wa muziki sehemu moja. Sisi wenye rangi hatukuwa tumekaa pamoja.

Sasa lililotupata. Tulienda ofisi moja kuomba kibali cha onyesho, fomu inataka uchague kimoja, kwaya au maonyesho ya picha au filamu. Tukasema ni vyote. Tukaambiwa twende ofisi nyingine, huko nako wakaturudisha, wiki tatu zimeisha. Mwisho tukaandika kwaya. Kwa kuwa tumeandika kwaya tukapewa ukumbi wa kwaya, wa mchana, mwisho saa kumi na mbili jioni, madirisha makubwa pande mbili hayana hata pazia. Na wewe unajua Moshi saa kumi na mbili jua bado lipo. Projekta ikawashwa, kitambaa kikabaki cheupe. Kuna mama katoka Kibosho kapanda magari mawili, mama mzazi wa mmoja wa wapiga tarumbeta, kakaa mbele kabisa na kanga yake begani, na wimbo ulipoisha akanishika mkono akaniuliza, "mwalimu, hayo maji yako wapi?" Yule binti alikuwa nyuma yangu amekumbatia laptopu. Alisikia.

Hela hatuombi, mheshimiwa. Tunaomba ukumbi mmoja hapa mjini jioni moja kila mwezi mpaka saa tatu usiku, umeme uwepo, tufanye mazoezi na siku ikifika tuonyeshe. Usafi tutafanya wenyewe. Na kwenye ile fomu iwekwe sehemu ya kazi ya pamoja, mstari mmoja tu, ili vijana wanaokuja nyuma yetu wasilazimike kudanganya kwamba wao ni kwaya. Na mkiitisha semina za wasanii msitutenge tena, wanamuziki jumatatu na wachoraji jumatano, sisi tulikutana kwa bahati tu kwenye msiba na bila ule msiba hii kazi isingekuwepo.

Yule mama nimemuahidi atarudi kuyaona maji. Tuambie tu ni ukumbi upi na siku gani, vitambaa vyeusi vya madirisha tumeshaanza kushona.

Mwalimu wa kwaya, Pasua