Kiashiria "kimekufa"? Angalia haya kabla ya kukirudisha dukani

Chupa nyingi za viashiria (vimiminika vinavyobadili rangi kuonyesha asidi na besi zimemalizana) zinazorudishwa dukani kwa sababu "hazibadiliki rangi" ni nzima kabisa. Kilichokosewa ni kuchagua kiashiria kisichofaa asidi na besi za jaribio.

Kiashiria ni asidi au besi dhaifu yenye sura mbili: ikibeba haidrojeni ina rangi moja, ikiiachia ina nyingine. Kila kimoja kina pH yake ya kugeukia (pH ni kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi), na mara nyingi si 7. Methili oranji ni nyekundu chini ya 3.1 na njano juu ya 4.4. Fenolfthalini haina rangi chini ya 8.2, kisha huwa waridi, ikikolea kufikia 10.

Chukua jaribio ambalo kila mwalimu wa kemia analijua: 25 ml za sodiamu kaboneti 0.05 M (M ni molariti, yaani moli kwa lita), na asidi haidrokloriki 0.1 M kwenye bureti, mrija wenye vipimo na koki. Kwa methili oranji, njano inageuka rangi ya chungwa kwenye 25 ml. Kwa fenolfthalini, waridi inatoweka kwenye 12.5 ml, kwa kuwa hapo kaboneti imegeuka haidrojenikaboneti tu na pH imeshafika karibu 8.3. Darasa zima litapata nusu ya jibu, na hakuna aliyesoma bureti vibaya.

Siki na sodiamu haidroksaidi ni kinyume chake. Hapo tumia fenolfthalini. Methili oranji itakuwa njano kabisa wakati kiasi cha theluthi moja tu ya asidi imekwisha, tena kwa kujivuta, usijue pa kufungia koki.

Unaponunua unga, usimwage fenolfthalini moja kwa moja kwenye maji, haiyeyuki. Yeyusha gramu 0.5 katika 50 ml za ethanoli, ndipo uongeze maji 50 ml polepole huku ukikoroga. Methili oranji haihitaji ethanoli: gramu 0.1 katika 100 ml za maji ya moto yaliyokenekwa. Wanaotumia maji ya betri wahakikishe ni ya kuongezea, si asidi. Dondosha methili oranji kidogo kwenye maji hayo. Yakiwa mekundu, yaweke mbali.

Matone mawili au matatu yanatosha. Ukizidisha, kiashiria chenyewe, kwa kuwa nacho ni asidi au besi, kinakula sehemu ya unachokipima, na fenolfthalini nyingi hutia ukungu mweupe. Waridi hafifu ikidumu sekunde 30, simama hapo. Baadaye itafifia yenyewe kwa kaboni dayoksaidi ya hewani, usiifuate kwa matone mengine. Na kwenye sodiamu haidroksaidi kali, ya pH 13 na kuendelea, waridi hutokea kisha hufifia. Zimua kwanza.

Unapoagiza, tuandikie asidi, besi na molariti utakazotumia, tukufungashie kiashiria kinachofaa.