Mtoro wa Mto Mweusi

Kilwa Masoko, Jumapili usiku

Mpendwa dada Spès,

Salamu zangu zikufikie hapo Bujumbura, wewe na Baba Bénit na watoto. Sisi huku hatujambo. Goti la mama limetulia kidogo, mvua zimekata, na Zubeda amejifungua mtoto wa kike. Mawifi wameshaanza kuvutana kuhusu jina. Najua nimekuwa kimya tangu arobaini ya Mwalimu Chande. Kila nikianza barua naiacha njiani. Ya leo siiachi, maana nina jambo linaninyima usingizi na dawa yake ni Kifaransa chako.

Unakikumbuka kile kitabu ulichoniachia Ubungo siku unapanda basi, Paul et Virginie cha Bernardin de Saint-Pierre, hadithi ya kisiwa cha Morisi, ile tafsiri ya Kiingereza uliyoifunika kwa gazeti? Kimekaa kabatini mwaka mzima. Ulisema nitalia mwishoni, pale Virginie anapokufa maji na Paul, mpenzi wake, anaona. Dada, mimi nimelia mwanzoni.

Ngoja nikueleze nilivyoelewa, unisahihishe. Ni Jumapili alfajiri, mama zao wamekwenda kanisani, Virginie anaandaa kifungua kinywa. Kwenye migomba anatokea mwanamke mtumwa, mifupa mitupu, kajifunga gunia kiunoni. Anamwangukia miguuni. Mwezi mzima anatangatanga milimani, wawindaji na mbwa wao nyuma yake. Amemtoroka bwana mmoja tajiri wa Mto Mweusi, na mwili wake una makovu ya mijeledi. Virginie anampa chakula cha nyumba nzima, naye anakimaliza chote. Halafu yule mtoto, kwa moyo safi kabisa, anamwambia: nipeleke kwa bwana wako nikuombee msamaha.

Wakaenda, yeye na Paul na huyo mwanamke, kwa miguu, mbali. Bwana mwenyewe mrefu, mkavu, nyusi zimeungana, kiko mdomoni, bakora mkononi. Akaapa kwamba atamsamehe, tena si kwa ajili ya Mungu, ni kwa ajili ya Virginie. Virginie akampungia mwanamke asogee, kisha akakimbia kwa hofu. Baadaye ndipo Domingue, mtumishi wao, anawaambia alichokiona huko: mwanamke amefungwa mnyororo mguuni kwenye gogo, na shingoni ana kongwa la chuma lenye kulabu tatu.

Nikawasomea kidato cha tano Jumatano. Nilipotamka “mtoro” darasa zima likacheka, maana kwao mtoro ni yule aliyeruka ukuta kipindi cha hesabu. Nikawaambia neno hili ni la zamani kuliko shule, na pwani hii lilikuwa la watu waliokimbia mnyororo. Kicheko kikakatika. Nikaendelea mpaka mahali watoto wanapotea msituni usiku ule, wamechoka, hawana viatu, na kundi la watoro linajitokeza. Mkubwa wao anasema msiogope, tuliwaona asubuhi mkipita na mwanamke wa Mto Mweusi, mkienda kumwombea kwa bwana wake mbaya. Kwa shukrani tutawabeba. Wakatengeneza machela ya matawi, wakawaweka mabegani, Domingue mbele na mwenge.

Binti mmoja wa nyuma, mpole, haongei kabisa, akanyosha mkono. “Mwalimu, huyo mama alimkosea nini yule bwana hata aombewe msamaha?” Sijafungua mdomo, kijana mwingine akadakia: “Na hao watoro waliwaona wakipita asubuhi. Mbona hakupelekwa kwao?”

Kengele ikalia. Mpaka leo sijawajibu.

Spès, hapo ndipo ninaposhikwa. Msituni kulikuwa na watu huru. Waliwaona. Njia ilikuwepo, nayo imeandikwa humo humo kitabuni, kurasa chache mbele, kwa mkono wa mwandishi yule yule, na hakuna hata mmoja humo ndani aliyewaza kumfikisha kwao. Ninajiuliza kama Saint-Pierre mwenyewe aliliona pengo hilo akaliacha tusumbuke nalo, au alikuwa na huruma kiasi cha kuomba msamaha lakini si kiasi cha...

Simwonei. Kisiwa kile, Morisi yetu ya leo, wakati huo Isle de France, alikijua. Aliishi huko mwaka 1768 hadi 1770, mhandisi wa mfalme. Kitabu chake cha safari cha 1773 kinasema hajui kama kahawa na sukari ni za lazima kwa furaha ya Ulaya, ila anajua mimea hiyo miwili imeleta maafa kwa pande mbili za dunia. Wangapi walisema hivyo hadharani mwaka 1773? Paul et Virginie kikafuata 1788, Wafaransa wakakilia, na walikilia kwa ajili ya Virginie.

Jana nilivuka na mashua kwenda Kisiwani. Nilikaa kivulini mwa Gereza, ile ngome ya kale, maji kupwa, watoto wanaokota chaza, nikafikiria mkataba wa Morice, yule mfanyabiashara wa watumwa. Umeshanisikia nikiutaja, lakini sikuwahi kuupima na vitabu hivi. Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa huyo alikubaliana na Sultani wa Kilwa apewe watu 1,000 kila mwaka, piastre 20, yaani sarafu za fedha, kwa kila mtu, na piastre 2 juu yake zawadi ya Sultani. Miaka 100! Miezi miwili na siku kumi nyuma yake, Wamarekani walikuwa wametangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Hadithi ya Virginie imewekwa miaka ya nyuma zaidi, kwa hiyo sisemi yule mwanamke alikuwa wa kwetu. Lakini kitabu kilipotoka, meli za Kifaransa zilikuwa bado zinakuja huku kuchukua watu, na wengi walishushwa kwenye kisiwa kile kile.

Najua utaniambia Mapinduzi ya Ufaransa yalikuja. Yalikuja. Februari 1794 Bunge la Paris lilifuta utumwa. Mwaka 1796 Baco na Burnel, wajumbe kutoka Paris, wakafika kisiwani na amri hiyo, walowezi wakawapandisha meli kwa nguvu waondoke. Yaani hata haki ilipokwisha andikwa ikapigwa muhuri, kule ilifika bandarini ikageuzwa.

Nimejaribu kujisaidia na Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa. Simulizi yake ilitoka London 1789, mwaka mmoja tu baada ya Virginie, na kwenye jina lake kabisa ameweka kwamba ameiandika mwenyewe. Anaeleza alivyokuwa mdogo, akiwaona bwana wake na rafiki yake Dick wakisoma, naye akawa anachukua kitabu, anakisemesha, anatega sikio kikiwa peke yake naye, na kitabu kimya. Na mahali pengine, mtumwa huko Karibi, ana peni tatu tu za Kiingereza, ananunua bilauri moja, anavuka nayo kisiwa cha pili, anaiuza kwa bei maradufu. Bilauri moja! Kwa biashara za namna hiyo alifikisha pauni 40 akajikomboa mwaka 1766, na hati ya uhuru wake ameinakili kitabuni neno kwa neno. Darasa litampenda, nina hakika. Lakini nikilipeleka kwake nitakuwa nimekwepa swali la yule binti. Mmoja aliombewa msamaha, mwingine alijinunua kwa pesa zake. Swali la alikosa nini linabaki pale pale.

Sasa nisaidie. Hilo neno ninaloliita “msamaha”, kwa Kifaransa chake ni lipi hasa? Ni la kufutiwa kosa, au ni rehema ya mkubwa kwa mdogo? Maana huku kwetu ningeweza kusema msamaha, rehema, hata radhi, na kila moja linamweka yule mwanamke mahali tofauti. Hivi ana jina popote pale? Tafsiri yangu haimpi. Na wale watoro, kweli wanasema “tuliwaona asubuhi”, au mtafsiri ameongeza lake? Unaweza kunipigia picha kurasa hizo, kuanzia kwenye migomba mpaka kwenye machela? Na ungekubali tuzifasiri pamoja, wewe ukishika Kifaransa na mimi Kiswahili, niwagawie wanafunzi? Korosho zilikufika? Baba Bénit bado anakataa kuja pwani, au safari hii nimwandikie mimi mwenyewe?

Kipindi chetu ni Jumatano saa nne. Yule binti anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha, na najua ataniuliza tena. Nijibu kabla ya hapo, hata mistari miwili.

Wako,
Mwanahawa