Pimeni tairi gari likiwa limelala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongeze neno kwenye makala yenu ya magari iliyosifu matairi makubwa kwa sisi tunaokwenda porini. Mwandishi amesema mengi ya kweli, ila kwenye magari ya kupanda na kushuka kwa kitufe alipita mbio, na mimi hapo ndipo nilipoachia hela.

Kazi yangu ni kufunga sola vijijini, nikitokea Karatu. Natumia Land Rover Discovery 3. Halina springi za chuma, limekaa juu ya mifuko minne ya upepo. Lilikuja na matairi ya saizi ya 255/60R18. Mawe ya njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron yakanichosha kwa pancha, nikaenda gereji moja Arusha kufunga makubwa zaidi, 265/65R18. Fundi akawasha injini, akalipandisha gari hadi juu, akapitisha mkono kati ya tairi na madigadi. "Mzee, si unaona, ngumi inapita!" Nikalipa.

Baadaye, kalamu mkononi, ndipo nikapiga hesabu. Tairi la zamani lina kipenyo cha milimita 763 hivi, jipya 802. Gari linainuka kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani kama sentimita mbili tu, wakati kitufe kilikuwa kinanipa tano na nusu bure. Nisilinyime tairi jipya haki yake: ubavu wake ni mrefu, unameza mawe vizuri. Lakini mshale wa spidi nao ukaanza kudanganya. Pale uliposoma 50, gari sasa linakwenda zaidi ya 52, na askari mwenye tochi hana habari na ukubwa wa tairi lako.

Wiki ya tatu, nimeshapita Engaruka nikirudi, taa ya njano ikawaka. Mfuko wa mbele kushoto umetoboka. Gari likalala taratibu kama ng'ombe aliyechoka, hadi likakalia zile raba za kuzuia chuma kisigonge chuma. Kukata kona ya kwanza nikasikia mkwaruzo, ya pili harufu ya mpira. Tairi lilikuwa linakula plastiki ya ndani ya madigadi. Nikatambaa hivyo hadi Mto wa Mbu, kilomita zaidi ya 50, kila kona nikiizungukia kwa mbali kama dereva wa semitrela. Nilifika wauza ndizi nyekundu wanafunga meza zao.

Gari la namna hii halikai juu siku zote. Ukizidi mwendo wa 50 hivi linajishusha lenyewe, ukibonyeza kitufe cha kushukia abiria linazama zaidi, na siku upepo ukivuja huna la kuchagua. Wapo mafundi wanaobadilisha vijiti vya sensa zinazopima kimo cha gari ili kompyuta idhani gari liko chini na kulipandisha zaidi. Sawa, lakini mfuko ukitoboka kijiti hakishiki gari.

Halafu tairi la akiba. Langu lilibaki la saizi ya zamani, chini ya gari kule nyuma. Gari hili linavuta magurudumu yote manne wakati wote. Ukichanganya tairi dogo na makubwa matatu, difu inafanya kazi isiyokwisha hata barabara ikiwa imenyooka, na inachemka. Anayenunua manne anunue matano.

Ombi langu kwa wenye gereji: kabla mteja hajalipa, lishusheni gari hadi mwisho, kateni usukani kushoto kabisa, kisha kulia kabisa, ndipo mpitishe huo mkono. Wenye Land Cruiser 100 za AHC, zinazopanda kwa mafuta ya haidroliki badala ya upepo, wapimiwe vivyo hivyo.

Mimi nimerudi kwenye 255/60, safari hii za ubavu mgumu. Yale makubwa yako stoo. Mwenye gari la springi za chuma aje tuzungumze bei.

Msomaji wenu,
Karatu