Liacheni Kosa Daftarini: Barua kwa Wazazi wa Shule za Msingi

Wanangu, wakwe zangu, na ninyi kina dada mnaobaki na watoto wazazi wakiwa kazini,

Salaam. Nilifundisha Hisabati shule za msingi mpaka nikastaafu. Sasa nakaa Mbagala, na nyumba zetu zimebanana kiasi kwamba ya jirani nayasikia bila kutega sikio. Ikifika saa mbili usiku najua nani kakwama kwenye jedwali la saba na nani kachapwa kwa ajili ya sehemu. Mtoto analia, mama anafoka, baba ndiyo kwanza kashuka kwenye daladala anauliza ada yake inakwenda wapi. Nina neno moja tu la kuwaambia: kazi ya nyumbani ni ya mtoto, na kosa lake ni haki ya mwalimu kuliona.

Chukueni hesabu hii: 403 kutoa 168. Mtoto kaandika 365. Mzazi anamwita mjinga, anafuta, anamwamuru aandike 235, na daftari linarudi shuleni limependeza. Mimi nikiiona ile 365 nimeshaelewa kila kitu. Katika kila nafasi mtoto katoa ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu: nane toa tatu, sita toa sifuri. Kukopa hajakuelewa, hasa pale sifuri inapokaa katikati. Hilo natibu kesho yake kwa vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Lakini ukiniletea 235 yenye mwandiko wake na akili yako, nitaweka vema nisonge mbele. Darasa lenye watoto themanini, nitajulia wapi? Na siku ya upimaji wa darasa la nne, Baraza la Mitihani halitakuruhusu uingie naye chumbani.

Basi ukiona kosa, mwambie, "Hebu nieleze umefikaje hapo," kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Wako watakaojishika wenyewe katikati ya maelezo. Asiyejishika, mwandikie mwalimu pembeni kwa penseli: "Kafanya peke yake, kakwama hapa." Usimfundishe njia yako ya zamani saa tatu usiku. Atakwambia mwalimu hakusema hivyo, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, maana atakuwa anasema kweli.

Kuhusu muda, Mmarekani Harris Cooper, aliyepitia tafiti nyingi za kazi za nyumbani na kuchapisha matokeo mwaka 2006, aliona kwamba kazi hizo zinaendana na ufaulu zaidi kwa wanafunzi wa sekondari, na kwa wadogo uhusiano huo ni hafifu. Kipimo anachokiunga mkono ni dakika 10 kwa kila darasa: la kwanza 10, la nne 40. Kwa mtoto anayeamshwa gizani kuwahi basi la shule, akirudi aende madrasa, hata hizo 40 ni nyingi. Ale kwanza, acheze kidogo, akae na daftari kabla giza halijaingia na kabla ya televisheni. Dakika zikiisha, funga, hata kama maswali manne yamebaki.

"Bibi, atachapwa!" Najua. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataja makosa makubwa ya nidhamu, zinampa mamlaka mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Swali lililobaki wazi halimo. Nendeni shuleni mchana, kwa upole, mkaongee na mwalimu wa darasa. Walimu wengi hawajui kwamba kazi ya Hisabati, ya Sayansi na ya Kiingereza zimeangukia usiku mmoja, kwa sababu kila mmoja alitoa ya kwake.

Wenye watoto English medium na Kiingereza chenu ni cha kubahatisha, msijifiche nyuma ya ukali. Mwambie mtoto asome swali, halafu akueleze kwa Kiswahili linataka nini. Akishindwa kueleza, hajalielewa, na umelijua hilo bila kujua neno hata moja la Kiingereza. Dada wa kazi naye asimamie saa, asisimamie majibu, na mpeni mamlaka hayo mbele ya watoto. Kaka mkubwa anayefundisha kwa makofi mwondoeni.

Zile kazi za kutengeneza vitu nazo zina vituko vyake. Wenzetu wa Kenya, tangu mtaala wao wa umilisi, CBC, uanze mashuleni mwaka 2019, wamelalamika sana kwamba wazazi ndio wanaokesha wakikata makaratasi na kubandika gundi. Kibanda cha mtoto wa miaka minane kinatakiwa kionekane kimejengwa na mtoto wa miaka minane. Kikiinama, kiinamie hukohuko mezani kwa mwalimu.

Na kwenye kundi la WhatsApp la darasa, acheni kutumiana majibu. Jana usiku mama mmoja aliomba la swali la tano, akajibiwa na wazazi watatu, kila mmoja na jibu lake, wakaanza kutukanana. Watoto walikuwa wameshalala.

Ni mimi bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Mbagala