Barua kwa mdogo wangu anayetaka kununua futi mpya ya kupimia mbao

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma, nakujibu hapa hadharani maana najua wanaohangaika na hilo ni wengi. Unasema unapima mara mbili mbili na bado shelfu za kabati zinacheza kwenye mifereji uliyoichimba ubavuni ili ziingie humo, sasa unataka futi ya bei. Futi haina kosa bwana. Na ile ndoano ya mbele inayochezacheza usije ukaigonga ikaze, imewekwa hivyo makusudi, inasogea kwa unene wake yenyewe ili upime kwa nje au kwa ndani jibu libaki lilelile.

Shida yako ni namba. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 18 mara nyingi haifiki 18 kamili, sasa ukichora mfereji wa 18 utaachaje kulegea? We chukua plaiwudi hiyohiyo, isimamishe pale pale itakapokaa, ibane isitembee, halafu pitisha kisu ubavuni mwake huku na huku, basi, ni milimita ngapi haikuhusu. Nimesema kisu eeh, sio penseli, maana penseli ina unene na ncha ikiisha ndo inazidi, ila kisu kinakata nyuzi kabisa na patasi ukiiweka inakaa yenyewe humo. Upande bapa wa kisu ndo uegemee plaiwudi, na msumeno upite ndani ya mistari, usiile.

Kabati la kukaa ukutani nalo usilipimie, kuta huwa zinayumba. Lisimamishe wima kwa pima maji, fungua bikari sawa na pengo kubwa kuliko yote, ncha itembee ukutani na penseli ichore kwenye ubao wa kabati ulio upande wa ukuta kuanzia juu mpaka chini, huo ndo mstari wa kukatia, ila bikari ibaki imelala usawa mmoja muda wote, ukiipindisha tu umeharibu.

Futi ibaki ya kununulia mbao na kukatia vipande vya mwanzo, hapo sina ubishi.

Ukitaka vipande vingi vinavyofanana, vyote chora kwa kile cha kwanza, usichore cha tatu kwa cha pili maana kosa linakua kila ukihama. Ila kwenye maungio ya ndimi na matundu, yaani ncha ya ubao mmoja inayoingia kwenye tundu la mwingine, kila ulimi una tundu lake, kwahiyo andika A huku na A kule kabla hujagusa msumeno, ukivichanganya usinipigie simu.